Deki ya shilingi 55,000 na hina iliyovunjika vigae

Napiga video za harusi za kina mama hapa Lamu, na huu ni mwaka wangu wa 18. Shughuli za wanaume si zangu. Mimi naingia usiku wa vugo, ile ngoma ya wanawake ya kupiga pembe, siku ya hina, na ile siku ya kupamba, bi harusi anapotolewa mbele ya wanawake wenziwe, piko na hina mpaka viwikoni, asumini kichwani, na mabuibui yote yameachwa mlangoni. Kwa sababu hiyo huitwa mwanamke. Na kwa sababu hiyo hiyo, wakati kila mtu anatumiana video kwa simu, mimi bado nachoma diski. Mama mtu hataki sura za wageni wake zizagae kwenye intaneti. Anataka kitu cha kushika, akifungie kabatini, ufunguo aufunge kwenye pembe ya leso yake.

Miaka michache nyuma, baada ya alasiri, alinijia mama mmoja wa Langoni. Si damu yangu, lakini alikuwa shoga wa mama yangu tangu utotoni, kwa hiyo namwita khalati. Alishika bahasha ya kaki, ndani yake mlikuwa na DVD niliyomchomea ya harusi ya bintiye, ya mwaka 2014.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalilie hii. Mamangu ndiyo hivyo, ametangulia. Picha zake za kutembea ni hizi tu, siku ile alivyocheza vugo. Gauni naliona, pembe mkononi naiona. Uso ndio siuoni. Kama umetiwa maji."

Mwanawe aliyeko Dubai alikuwa amemwambia kwa simu kwamba ubaya uko kwenye deki yake ya kuchezea diski, ya shilingi 3,500, na akinunua deki ya maana picha itatakata. Nami nilikuwa naamini hivyo hivyo. Kwa miaka nimewajibu wateja wangu maneno yale yale: diski yangu haina kasoro, tazameni deki zenu. Nikiyakumbuka leo yananichoma moyo.

Nilikuwa na akiba ya kununulia taa ya kamera. Nikaiacha taa. Nikamfuata mtu Mombasa aliyekuwa akihama na kuuza vyombo vyake, nikanunua kwake deki ya Blu-ray, zile diski zenye picha kali kuliko DVD, nayo hucheza DVD pia; ya daraja la juu, iliyotumika lakini safi, kwa shilingi 55,000. Uzito wake ulipita kilo saba. Niliipakata kwenye basi tangu Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, na kwenye boti nikaifunika leso isirukiwe na maji ya chumvi. Hata tulipofika gatini sikumpa hamali.

Usiku huo niliweka diski ya Blu-ray ya viumbe vya baharini, ya mdogo wangu ambaye ni fundi wa simu. Ile samawati! Matumbawe utadhani unayagusa. Nilimwita mama, nikaita na jirani. Nikasema, hapa pesa imekwenda mahali pake.

Mdogo wangu alinyamaza, akachukua rimoti, akaanza kupekua menyu za deki. Akakuta aliyekuwa na deki kabla yangu alikuwa amepandisha rangi, amepandisha mwanga, amepandisha na ukali wa picha. Akarudisha vyote sifuri. Bahari ikarudi kuwa bahari, nzuri bado, lakini ile iliyonitoa machozi ikaondoka. Kisha akaleta deki yake ya Blu-ray aliyoinunua shilingi 11,000, akaiunganisha kwenye runinga ile ile kwa waya wa HDMI kama wangu, ule unaopeleka picha kwa namba, akanitoa nje kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba.

"Dada, kaa kiwandani. Nikikuita uje utazame, uniambie ni deki gani."

Alinitoa nje kwa sababu deki kubwa husoma diski upesi zaidi, na ningeitambua kwa hilo. Alikuwa akihamisha diski, akifika kipande kile kile cha kasa anayepanda mchangani, ananiita. Tulifanya hivyo mara 20 kwa usiku mbili, yeye akiandika kwenye karatasi. Nilikaa mita mbili kutoka kwenye kioo, nikatazama kwa macho ambayo ndiyo riziki yangu. Nilipatia mara 11. Mtoto angerusha sarafu angepata karibu hivyo hivyo.

Niliumia, na niliumia zaidi kwa kuwa sikuelewa. Ilibidi anieleze polepole, nami nikasoma mwenyewe baadaye mpaka nikaridhika. Filamu nyingi za Blu-ray zimebanwa kwa kanuni iitwayo H.264. Kanuni ile haimwachii mtengenezaji wa deki nafasi ya kuonja chumvi: imeandikwa kwa namna kwamba mashine yoyote inayoifuata, ikipewa data ile ile, lazima ifumbue nukta zile zile za rangi zinazounda picha, namba kwa namba. Nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, kwa deki ya elfu kumi na moja na kwa deki ya laki. Namba hizo zikipita kwenye HDMI hubaki namba. Waya ukiwa mbovu utaona cheche nyeupe au kioo kitazimika. Hutaona rangi ikipauka kidogo wala uso ukifanya ukungu. Katika zama za nyaya za zamani kila kifaa kilichokaa njiani kiliweza kuichafua picha, na nadhani imani yetu katika deki ghali ilizaliwa huko.

Basi zile kilo saba ni za nini? Ni za sanduku la chuma, umeme uliotulia, injini isiyovuma, na soketi za sauti kwa mwenye spika nzuri. Hayo yana thamani yake, wala siyadharau. Mwenye masikio makali ana haki ya kulipia. Lakini mimi nilikuwa natafuta uso.

Nikatia DVD ya khalati.

Hapo mambo yalibadilika, na hapa ndipo nawaomba msikilize kwa makini, maana wengi wakishasikia habari ya Blu-ray husema "deki zote ni moja" wakaishia hapo. Kwa DVD si moja. DVD ya kwetu ina nukta 720 kwa 576. Zizidishe, kisha uzilinganishe na za kioo cha 1,920 kwa 1,080: kioo kina nukta mara tano kamili. Maana yake, katika kila nukta tano unazotazama, moja tu ndiyo inatoka kwenye diski, na nne zimekisiwa. Anayekisia ni ama deki ama runinga, na wakisiaji si sawa.

Kisha kuna jambo la pili, kubwa kwa video za kamera kama zangu. Kila sekunde imekatwa vipande 50, na kila kipande kina nusu ya mistari tu: kimoja kina mistari ya witiri, kinachofuata kina ya shufwa. Bi harusi akitulia, witiri na shufwa hukutana vizuri. Akiinua mkono, baina ya kipande na kipande mkono umeshasogea, na fundi asiyejua kuviunganisha atakuonyesha vidole vyenye meno ya kitana. Pindo la leso likipita hucheza kama linaungua. Deki ya khalati ilikuwa ikifanya hivyo hivyo. Deki yangu kubwa iliviunganisha vizuri sana. Mkono ukawa mkono. Tulirudia mchezo wetu wa mara 20 kwa DVD, nikapatia 18.

Mdogo wangu hakuridhika. Aliiambia deki yake ndogo ya shilingi 11,000 isiguse kitu, iipelekee runinga ile picha mbichi ya vipande nusu, runinga iviunganishe yenyewe. Runinga yangu ilikuwa mpya wakati huo. Ikafanya kazi karibu sawa na deki ya elfu hamsini na tano. Ikiwa una runinga nzuri, basi fundi huyo umeshamlipa zamani, ndani ya bei ya runinga.

Na uso wa bibi? Mistari ilikuwa imenyooka, kitana kimeondoka, lakini uso ulikuwa bado umetiwa maji. Nilipokaribia kioo niliona kwa nini. Haukuwa uso. Vilikuwa vigae: miraba midogo midogo ya rangi moja moja, inayobadilika kila akitikisa kichwa. Kwenye mikono ya bi harusi, ile kazi ya piko ya usiku mzima, maua na majani yaliyochorwa kwa ncha ya kijiti, ilikuwa imevunjika vigae vya kahawia.

Hilo halikufanywa na deki yoyote. Nililifanya mimi.

Harusi ile ilikuwa na saa nne za picha. Kamera yangu ilirekodi megabiti 17 za data kwa sekunde. Nami, ili nimpe mteja diski moja tu, nilizisukuma saa nne ndani ya DVD ya gigabaiti 4.7. Piga hesabu: gigabaiti 4.7 ni megabiti 37,600, zigawe kwa sekunde 14,400, na kila sekunde inabaki na megabiti 2.6, pamoja na sauti. DVD inaruhusu picha mpaka megabiti 9.8, mimi nikaipa kama robo. Kompyuta inapobanwa hivyo lazima itupe kitu, na inatupa kwanza vile vinavyosogea sana na vyenye uchoro mdogo mdogo. Ukumbi wa vugo ni nini kama si hivyo? Wanawake sitini wanayumba pamoja, vito vinametameta, taa zinawaka na kuzima, na katikati yao bibi kizee anacheka. Kilichotupwa kilikuwa makunyanzi ya pembeni mwa macho yake, ndiyo yale mwanawe alikuwa akiyatafuta.

Hakuna deki inayorudisha kilichotupwa. Inaweza kukisia. Inaweza kulainisha vigae visichome macho. Sura ya mtu haikisiwi.

Niliingia kwenye hard disk zangu za akiba kwa hofu, kwa sababu nilijua sikuweka kila kitu. Harusi ya khalati ilikuwepo, Alhamdulillahi, faili zote kama zilivyotoka kwenye kamera. Nilikaa nazo siku tatu. Witiri na shufwa nikaziunganisha mwenyewe kwenye kompyuta, kwa programu inayofanya kazi hiyo polepole na kwa makini kuliko deki yoyote inavyoweza kwa sekunde ile ile. Kisha nikazigawa saa nne kwa diski tatu, dakika 80 kila moja, ikawa kama megabiti 7.8 kwa sekunde. Gharama ya diski mbili za ziada na vifuko vyake haikufika shilingi 150.

Nilimpelekea nyumbani kwake, na deki yangu kubwa nikaichukua kwa tahadhari. Kwanza tukatia diski kwenye deki yake ya shilingi 3,500. Picha ilikuwa bora lakini rangi zilikuwa zinavuja. Wekundu wa leso umetoka nje ya leso. Nikageuza runinga nyuma nikakuta ule waya wa njano, nyeupe na nyekundu. Huo wa njano unabeba mwanga na rangi pamoja kwenye uzi mmoja, na runinga inalazimika kuvitenganisha upya. Havitengani vizuri hata siku moja. Deki yake ilikuwa na tundu la HDMI miaka yote hiyo, limejaa vumbi. Nilituma mtoto dukani Langoni, akarudi na waya wa shilingi 400.

Runinga yenyewe ilikuwa bado imewekwa kama ilivyotoka dukani, ile hali ya kung'ara sana inayokusudiwa kushindana na runinga nyingine rafuni. Ngozi zote zilikuwa za machungwa. Nikaiweka kwenye hali ya filamu na kuushusha ukali, maana ukali ule hauongezi uchoro wowote, unachora tu mstari mweupe kando ya kila kitu. Mwisho ilikuwa nyumba yenyewe. Ni nyumba ya mawe ya zamani, chumba kinaelekea kiwanda, na jua la alasiri lilikuwa linaingia mpaka kwenye kioo. Khalati alisimama, akatundika shuka la kitanda mlangoni.

Nilikuwa nimeishika rimoti. Bibi aliingia kutoka upande wa kushoto, na pembe yake, akaipiga mara mbili, akamgeukia mtu tusiyemuona akacheka. Khalati hakusema kitu. Alisogea kwenye mkeka mpaka karibu na kioo, akaweka kiganja chake shavuni mwake mwenyewe, mahali pale pale ambapo mamake alikuwa na kidoa.

Deki yangu kubwa ilibaki kwenye kikapu. Hatukuitoa.

Watu huniuliza hivi sasa kuhusu zile diski za 4K, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016. Jibu langu ni lile lile kwa njia nyingine: hizo zinahitaji deki yake na zinastahili, kwa sababu diski yenyewe imebeba zaidi, nukta mara nne za Blu-ray na mwanga mpana zaidi. Ukiwa na projekta, ambayo haiwezi kutoa mwanga mkali kama runinga, kuna deki za bei, Panasonic wanazo, zinazojua kuushusha mwanga ule bila kuyachoma mawingu na bila kuzamisha vivuli. Hapo utaona tofauti kwa macho yako. Lakini kwanza uwe na diski zenyewe, na ukuta mweupe usio na mawimbi ya chokaa, na giza. Nyumba zetu nyingi za Lamu zina ukuta wenye mawimbi.

Na msichanganye picha mbaya na diski kukwama. Deki za kwetu hufa kwa hewa ya bahari. Lenzi inashika ukungu wa chumvi, diski inaruka. Hiyo ni ya kusafishwa, si ya kununua deki nyingine.

Baada ya siku ile nilipitia daftari langu lote la harusi. Nyingi nilikuwa nazo, nami nimezichoma upya bila malipo, kila nilipopata nafasi. Lakini kuna 14 ambazo sinazo. Ni za miaka ya mwanzo, nilipokuwa natumia kanda ndogo za MiniDV, na kwa kubana matumizi nilirekodi harusi mpya juu ya ya zamani. Kilichobaki cha harusi hizo ni zile DVD nilizozibana mwenyewe, ziko kwenye makabati ya watu. Nimekwenda kwa kila mmoja wa mama hao 14 nikamwambia ukweli, kwamba kosa ni langu na si la deki yake. Wawili walilia. Mmoja hajanisamehe, na ana haki.

Sitaki kuzibana diski zile mara ya pili, zitapoteza hata hicho kidogo zilichonacho, na wenyewe hawataki ziwekwe kwenye flashi. Runinga za nyumba hizo nyingi ni za zamani, hazijui kuunganisha witiri na shufwa. Kwa hiyo deki ile ya shilingi 55,000 imepata kazi. Wakitaka kutazama hunitumia mtoto, nami nakwenda nayo kikapuni, na waya wa HDMI na shuka la kutundika mlangoni.

Juzi ilikuwa nyumba moja ya Mkomani, harusi ya mwaka 2009. Bi harusi yule sasa ana mabinti watatu, nao walikaa mkekani mbele yetu. Vigae vilikuwepo, lakini mikono ilikuwa inasogea kama mikono. Binti mdogo alinyoosha kidole kwenye kioo akauliza yule aliyeshika kikuba ni nani.

"Ni bibi yako," mama yake akamwambia. "Ngoja, atageuka."

Nilikaa nyuma yao mpaka diski ikaisha, kisha nikaingoja deki ipoe kabla ya kuirudisha kikapuni.